Mbwa wa Kizingitini

Ukitaka kutembea na mbwa katika vilima vya Shimba, jambo la kwanza utakaloelezwa ni kwamba haiwezekani. Msitu huo ulitangazwa kuwa wa serikali mwaka 1903, ukafanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1968, na leo unatunzwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ambalo kanuni zake hazina kigugumizi: mnyama wa kufugwa haingii. Mtu atalipa, ataandikwa, atapewa askari mwenye bunduki wa kumteremsha hadi Maporomoko ya Sheldrick, maji yanayoanguka mita 21 katikati ya miti, yaliyopewa jina la David Sheldrick, mlinzi wa zamani wa Tsavo Mashariki. Mbwa atangoja nje. "Wewe karibu, mzee," askari wa getini aliniambia kwa adabu zote, "lakini huyu hapiti."

Sina ugomvi na kanuni hiyo. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kupepesuka, kutetemeka na kufa, na mpaka mkasa ulipotulia theluthi moja hivi ya simba wa hifadhi ile, karibu elfu moja, walikuwa wametoweka. Virusi vya distempa ndivyo vilivyowamaliza, na wataalamu walipovifuata vilikotoka walifika kwa mbwa wa vijijini, wale wanaolala chini ya ghala na kula makombo. Mbwa mwenye mbavu za kuhesabika, asiyethubutu hata kumkaribia simba, alikuwa amebeba kifo cha simba puani. Shimba haina simba wa kujivunia, lakini ina palahala, yule swala mweusi mwenye pembe zilizopindika kuelekea mgongoni, na Kenya nzima hapana mahali pengine utakapomkuta akiishi porini. Maradhi moja tu yakimwingia, habari yake itasomwa vitabuni. Kwa hiyo askari alikuwa na haki, nami nikamrudisha mbwa wangu barabarani.

Kinachonichekesha ni kwamba KWS wenyewe ni wafugaji wa mbwa. Katika bandari ya Mombasa wapo mbwa waliofunzwa kunusa makasha ya mizigo, wakitafuta pembe za ndovu na magamba ya kakakuona yaliyofichwa chini ya chai au mbao. Mbwa anayelinda ndovu yupo bandarini, kando ya bahari, penye kreni na malori. Huku ndovu waliko, hatakiwi. Nimewahi kuliwaza jambo hilo nikipanda kutoka Kombani, jua likinichoma kisogo, na kila nikiliwaza naliona ni sawa kabisa na bado linachekesha.

Basi kilichotubakia ni pembezoni. Na pembezoni mwa Shimba si padogo. Kilima hiki kinainuka ghafla kutoka ukanda wa minazi na mikorosho, kikafika mita 450 hivi juu ya bahari. Mtu wa Moshi atacheka akisikia tunauita huu mlima, lakini na atoke ufuoni kwa miguu mwezi wa tatu, kisha tuzungumze. Juu, ukungu wa asubuhi hukaa kwenye matawi mpaka saa mbili na nusu, na ukiisha kuinuka, bahari huonekana yote, kutoka upande wa Likoni hadi kule Msambweni inakopotelea. Nje ya uzio wa stima kuna njia za ng'ombe, njia za kuni, njia za watoto wa shule, mashamba ya mahindi na muhogo, miembe iliyopandwa na watu ambao hata wajukuu wao wamezeeka, na vipande vya msitu ambavyo hakuna aliyekumbuka kuvizungushia waya. Humo ndimo tunamopita.

Mbwa huyu nilimrithi na jina lake. Anaitwa Mtasema. Aliyemlea alikuwa na majirani wenye midomo, akaona badala ya kuwajibu ni heri ampe mbwa jina, kila jioni asimame mlangoni na kuwaita wote kwa sauti moja: Mtasema! Mtasema, njoo! Desturi hii wengi wanaijua. Ni kanga yenye miguu minne. Nilipohamia naye Kwale sikuwa na ugomvi na mtu, ila nilipomwita barabarani watu wakageuka kunitazama, wakitaka kujua wamesema nini. Nikajaribu kumbadilisha jina. Alikataa kwa namna mbwa wanavyokataa, yaani hakusikia.

Kutembea na mbwa mjini Kwale ni kutembea huku umeachiwa njia. Wanawake hukusanya mabuibui, wazee wenye kanzu huvuka upande wa pili, na anayetoka msikitini hupitia mbali kabisa. Mgeni angedhani ni chuki. Si chuki, ni fikihi. Pwani yetu ni ya madhehebu ya Shafii, na kwa Shafii mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito: palipoguswa paoshwe mara saba, moja yake kwa udongo. Mkavu akimgusa mkavu hapana neno, lakini nani atakayeapa kwamba pua ya mbwa ni kavu? Wamaliki kule Afrika Magharibi wanamhesabu mbwa kuwa tohara, na Baghdad, miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, mwanachuoni Ibn al-Marzuban aliandika kitabu kizima cha kuwapa mbwa ubora juu ya wengi katika wavaao nguo. Nilimtajia Maalim, jirani yangu anayesomesha chuo. Akacheka, kisha akasema kwamba bila shaka huyo bwana alikuwa amekopesha watu pesa.

Maalim huyo huyo ndiye aliyenikumbusha mbwa wa sura ya Al-Kahf, ambayo hapa kwetu husomwa kila Ijumaa. Vijana wanaikimbia dhuluma ya mji wao, wanaingia pangoni, wanalazwa usingizi wa miaka mia tatu na ushei, na mbwa wao amenyoosha mikono yake kizingitini. Haingii, wala haondoki. Baadaye watu wanabishana vijana walikuwa wangapi. Huyu anataja watatu, yule watano, mwingine saba, na katika kila hesabu mbwa hakuachwa. Idadi ya watu ndiyo iliyozua mjadala. Mbwa alihesabiwa na wote.

Nimeishi na picha hiyo muda mrefu, na sidhani kwamba inasema mbwa ni bora kuliko tunavyomdhania. Inasema mahali pake ni wapi. Ulinzi hauwezekani kutoka ndani: anayelala kwenye mkeka pamoja na wenye nyumba atasikia mwizi akiwa amekwisha fika. Na kizingiti si adhabu kwa mbwa, kwa sababu pale ndipo habari zote zinapopita, za ndani zikitoka na za nje zikiingia. Nilikuwa nikimwonea huruma Mtasema kila tulipofika uzioni na kugeuka. Siku hizi simwonei tena, na sababu yake ni upepo.

Somo la upepo nilipewa na mjomba wangu, ambaye ujanani alikuwa msasi. Wadigo na Waduruma waliwinda na mbwa katika vilima hivi, vivyo hivyo wenzetu wa Unguja na Pemba, ambako wasasi hutoka na makundi ya mbwa kufukuza nguruwe mwitu wanaofukua mashamba. Mwindaji Mwislamu hakuona kwamba anavunja dini. Qurani yenyewe, katika sura ya Al-Maida, imeruhusu nyama iliyokamatwa na mnyama aliyefunzwa, likitajwa jina la Mungu. Kisha mwaka 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji nchi nzima. Mjomba aliuza mbwa wawili, mmoja akafa, na wa mwisho akamwacha azeeke uani. Hakuwahi kulaumu. Alisema wanyama walikuwa wamekwisha pungua hata kabla ya sheria, na kwamba msasi akianza kurudi mikono mitupu mara nyingi, sheria ya kumzuia huwa imechelewa.

"Mpwa wangu," aliniambia, "mbwa humwongozi kwa kamba. Unamwongoza kwa upepo."

Maana yake ni hii. Kuanzia mwezi wa nne kusi huvuma kutoka baharini, hupanda mteremko wa mashariki, huvuka msitu wote na kushukia upande wa Kinango. Ukitembea upande wa bahari wakati huo, upepo unachukua harufu yako na kuitanguliza msituni. Kila paa na kila nyani anajua kwamba mtu na mbwa wanapita chini. Zunguka upande wa Kinango, nawe umesimama mahali ambapo msitu wote unapumua usoni mwako. Kaskazi ikirudi mwishoni mwa mwaka, upepo hubadili upande, na njia nayo hubadilika. Wasasi walichagua njia kwa kufuata hilo, si kwa kufuata nyayo.

Basi katika majira ya kusi tunazunguka upande wa Kinango, na pale ndipo nilipoelewa kwamba Mtasema huingia Shimba kila siku. Husimama hatua kadhaa kutoka uzioni, anafumba macho nusu, pua inafanya kazi peke yake. Mkia huwa kama kalamu ya mtu anayeandika imla: unapanda, unatulia, unashuka, unapigwa mara mbili, unatulia tena. Mimi naona majani. Yeye anasoma nani alipita usiku, alikuwa na ndama au la, alikula nini, alitishika na nini. Uzio umejengwa kuzuia miguu. Harufu haina miguu, na sheria iliyotungwa Nairobi haikuweza kuitaja.

Miguu iliyokusudiwa hasa ni ya ndovu. Shimba ina ndovu wengi kwa msitu wake, na kwa wakulima wa Mkongani au Msulwa neno ndovu halileti picha ya kadi ya posta. Linaleta picha ya shamba la mahindi yaliyokaribia kuvunwa, asubuhi yakiwa yamelala chini. Upande wa kaskazini, katika miaka ya 1990, wenye ardhi wa Mwaluganje waliamua kukubaliana na ukweli: njia ya ndovu ilikuwa ikipita mashambani mwao tangu zamani, basi wakaitoa ardhi iwe hifadhi yao ya jamii, wakagawana mapato ya watalii kwa hisa. Hata kinyesi cha ndovu kiligeuzwa karatasi. Si mpango uliomtajirisha mtu, na miaka ya ukame au ya watalii wachache hisa hugeuka maneno matupu, lakini ni mojawapo ya mara chache ambapo aliyeishi pembezoni aliulizwa mpaka upite wapi.

Wakulima hao wengi hufuga mbwa, Waislamu na Wakristo, na hawafugi kwa mapenzi. Mbwa humsikia ndovu kabla waya haujalia. Akibweka kwa namna fulani, ya chini, isiyo na hasira, watu wanajua si mwizi wala fisi, wanatoka na tochi na madebe. Lakini mbwa huyo huyo ndiye hatari kubwa ukikutana na ndovu mchana. Atamkimbilia, atambwekea kwa ushujaa wa kijinga, ndovu atageuka, naye mbwa atakumbuka kwamba ana bwana wake. Atarudi mbio kwako, na nyuma yake tani nne za hasira. Ndiyo maana Mtasema hatembei bila kamba karibu na msitu, mjomba aseme atakavyo kuhusu upepo. Kuna na chui. Chui humpenda mbwa kuliko mbuzi, na jioni ikianza kuingia hatuhitaji kukumbushana. Tunaelekea nyumbani wote wawili kwa mwendo mmoja.

Nimesema uzio hauzuii harufu. Hauzuii na nzi. Mbung'o wa Shimba wanajulikana kwa watafiti ulimwenguni, maana msitu huu una aina zaidi ya moja, wote wanywaji wa damu, na wanabeba vimelea vya nagana, ugonjwa ulio ndugu wa malale. Nyati na swala wa msituni huishi navyo bila kuonekana kuumwa. Ng'ombe wa kijijini hukonda na kufa. Mbwa hufa upesi zaidi. Daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alipokuwa Ubombo huko Zululand mwaka 1894 na 1895 akiutafuta mzizi wa nagana, mbwa walikuwa miongoni mwa wanyama aliowatia damu ya ng'ombe wagonjwa, naye akawatazama wakidhoofika mpaka akakiona kimelea chenyewe chini ya darubini. Kimelea hicho sasa kina jina la Bruce. Mbwa hawakuachiwa jina.

Mtasema aliumwa baada ya masika. Kwanza aliacha kula, nikadhani ni joto. Kisha asubuhi moja akainua uso na macho yake yalikuwa ya buluu. Si wekundu wala usaha. Buluu ya maziwa, kana kwamba mawingu yameingia ndani ya mboni. Daktari wa mifugo alimtazama kwa muda mfupi tu, akauliza tunapopita, na nilipomwambia uzioni hakuhitaji maelezo zaidi, ingawa alichukua damu kuhakikisha. Akapima uzito wa mbwa mara mbili kabla ya kuchoma sindano, kwa sababu dawa ya nagana ikizidi kidogo humdhuru mbwa kuliko ugonjwa. Macho yalichukua wiki nyingi kusafika. Katika kipindi hicho alitembea karibu na mguu wangu, haoni vizuri, lakini tulipofika upande wa Kinango alisimama palepale pake na kusoma upepo kama kawaida. Sikuona dalili kwamba kuna kitu kimempungukia.

Mbung'o ana adui ambaye sikumtarajia. Kuro, yule swala mkubwa wa kando ya maji, huishi katikati ya nzi hao na hawamgusi. Watafiti wa kituo cha icipe waligundua kwamba ngozi yake inatoa harufu ambayo mbung'o hawaipendi, wakatengeneza harufu inayofanana nayo, wakaitia ndani ya vibweta vidogo vya kuning'iniza shingoni, wakawavisha ng'ombe wa hapa Kwale. Ng'ombe waliovaa waliugua mara chache zaidi, wakanenepa, wakalima. Nimewaona ng'ombe hao wakipita na harufu ya mnyama mwingine shingoni. Mtasema alipowakaribia alichanganyikiwa kabisa: macho yanamwambia ng'ombe, pua inamwambia kuro. Akakaa chini kufikiri.

Ukishuka chini hadi Diani, pembezo inakuwa ya namna nyingine. Msitu wa pwani umekatwakatwa na hoteli, nyumba za kifahari na barabara ya lami, na mbega, wale weusi wenye mabega meupe, wamebaki juu ya miti ya bustani za watu. Mbega ni mla majani, hana sababu ya kutua chini, ila miti ikiachana hulazimika. Akitua, gari humwua, na mbwa humwua pia. Tangu mwaka 1997 shirika la Colobus Conservation limekuwa likifunga ngazi za kamba juu ya barabara ya Diani, na nyani wa kila aina wamezoea kuzivuka huku matatu zikipita chini yao. Tunapopita pale nafupisha kamba ya Mtasema hadi karibu na shingo. Kuna wafugaji wa ufuoni wanaoniona mkali. Mbwa wao hukimbia huru mchangani asubuhi, na kwa kweli ni raha kuwatazama, mpaka ukumbuke kwamba upande wa pili wa ukuta kuna mama wa mbega anayengoja njia iwe wazi.

Si mbali na hapo, kusini kidogo, ni Kaya Kinondo. Nilikwenda bila mbwa. Hili halikuhitaji kuulizwa. Kaya za Wamijikenda zilikuwa miji yenye ngome katikati ya msitu, watu wakahama, wakaacha makaburi na fingo za kinga ardhini, na msitu ukabaki kwa sababu hakuna aliyethubutu kuukata. Mwaka 2008 UNESCO ilizitia kaya kadhaa, Kinondo ikiwamo, katika orodha ya urithi wa dunia. Kinondo yenyewe ni ndogo, hekta 30 hivi. Mzee aliyenipokea alinifunga kaniki kiunoni, akaniambia nivue kofia, nisipandishe sauti, nisichume hata jani, na kitakachoanguka kikae kilipoanguka. Tukaingia. Alinionyesha mti wa dawa ya homa, mti wa kutuliza watoto, mizizi mikubwa kupita ukuta wa nyumba. Alieleza kwa utani mwingi. Kisha njia ikafika mahali, akasimama.

"Hapa ndipo mwisho wetu, bwana."

Hapakuwa na waya wala kibao. Njia iliendelea mbele, nyembamba, ikapinda nyuma ya mti na kupotea. Wanaopita hapo ni wazee wenyewe, kwa shughuli zao na kwa nyakati zao. Nilitazama pale njia ilipopinda. Nikajikuta nimenyoosha shingo, nimefumba macho nusu, navuta pumzi kwa pua. Kulikuwa na harufu ya majani yaliyooza, na ubani wa zamani, au labda ubani niliutia mwenyewe. Yule mzee alinitazama, akakohoa, akageuka kunirudisha. Nilimfuata bila kuuliza swali, jambo ambalo mke wangu hakuliamini nilipomsimulia.

Sheria ya KWS na mwiko wa kaya havifanani, na mtu anayesema vinafanana hajavijua vyote viwili. Sheria inamzuia mbwa kwa sababu ya virusi vyake, na ikipatikana chanjo ya kila kitu huenda ikalegezwa. Mwiko haukunipa sababu, wala haungojei kuvumbuliwa kwa chochote. Lakini vyote vinategemea jambo moja: yupo anayekubali kusimama nje. Msitu wa Kinondo umesimama hadi leo kwa ajili ya watu wasioingia. Shimba inalindwa kwa bunduki na stima, na bado, penye maskini wengi na mkaa wenye bei nzuri, uzio unategemea kila usiku watu elfu kadhaa waamue kulala.

Hao watu wanapata nini? Maji, kwanza. Mchanga-mwamba wa Shimba hunyonya mvua na kuitoa polepole katika chemchemi za Marere, na bomba la Marere limewanywesha watu wa Mombasa tangu enzi za ukoloni. Palahala anakunywa hapo juu, mtu wa Likoni anakunywa huko chini, hawajuani. Wanavijiji wanaoishi katikati ya hao wawili, kwa miaka mingi, wamekuwa wakilitazama bomba likipita.

Pili, kwa hisani ya mbwa, wanapata chanjo. Nasema kwa hisani kwa sababu kichaa cha mbwa, kikishaanza kuonekana kwa mtu, hakina dawa. Njia bora ya kumlinda mtoto ni kumchanja mbwa, na ili maradhi yakome sharti mbwa saba katika kila kumi wachanjwe. Kenya ina mpango wa kutokomeza vifo vyake kufikia mwaka 2030, ulioanzishwa 2014. Siku ya chanjo watu hujipanga chini ya mwembe na mbwa waliofungwa kwa kanga, kwa ukamba wa mnazi, kwa waya wa stima. Nimeona mzee wa kanzu nyeupe amemshika mbwa wake kwa kijiti kirefu chenye kitanzi, mbali na mwili, uso ameuelekeza pembeni, lakini amekuja. Mtu akiumwa, anaambiwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, kisha akimbilie hospitali. Wapo wanaopenda kusema kwamba huko ndiko kuosha mara saba, kwamba dini iliona virusi kabla ya darubini. Mimi siingii katika mtindo huo. Tohara ni ya sala na sabuni ni ya kidonda, na Maalim, ambaye ndiye angefurahia hoja hiyo, ananiunga mkono.

Mwanawe ana miaka tisa. Kwa muda amekuwa akitufuata kwa mbali tunapotoka, hatua ishirini nyuma, akijifanya anakwenda dukani. Juzi Maalim akamleta mwenyewe mlangoni kwangu, akasalimia, akakataa chai.

"Jirani, huyu anataka kushika kamba."

Nikamwambia hakuna tabu.

"Ana masharti. Ashike mwisho wa kamba, upande mkavu. Mbwa asimlambe. Akirudi anawe kabla ya kuingia ndani, na akiwa ameguswa na mate tutaosha mara saba, ya udongo ikiwamo. Nimekwisha mfundisha. Chanjo umechanja?"

Nikamletea kadi. Akaisoma mbele na nyuma, akanirudishia. Mtoto alikuwa amekwisha ishika kamba, mikono yote miwili, mbali na kifua. Mtasema akamnusa kwa mbali, akaridhika, akageukia barabara.

"Ami," akaniuliza tulipofika kona, "na kukinyesha? Kamba yote si itarowa?"

Swali hilo sikuwa na jibu lake, nikamrudisha akamuulize babake. Maalim alikuwa bado amesimama nje. Alifikiri kidogo, akitazama mawingu yaliyokuwa yakikusanyika upande wa kilima cha Pengo, kisha akasema kukinyesha warudi.